Uvimbe kwenye ngozi ya mbwa: jicho halitoshi, na sindano haiamshi saratani

Katika makundi ya WhatsApp ya wafugaji wa mbwa hapa Kampala, picha ya aina moja hurudi mara kwa mara: vidole vimetenganisha manyoya, katikati kuna kinundu, na chini yake swali ni lile lile, "Hii ni kansa?" Majibu humiminika papo hapo. Mmoja husema ni mafuta tu, aachwe. Mwingine hushauri kinundu kifungwe kwa uzi mpaka kikauke na kudondoka chenyewe. Wa tatu huonya kwamba kisichomwe sindano kwa vyovyote vile, kwa sababu kansa "ikiguswa inaamka". Wote hao wanajibu kwa kutazama picha, ilhali hata daktari wa mifugo aliyebobea, akiwa na mbwa mwenyewe mezani, hawezi kuapa kwa macho na vidole vyake kwamba uvimbe fulani ni saratani au si saratani.

Kabla ya kwenda mbali, tukubaliane kuhusu maana. Uvimbe ni kitu chochote kinachotokeza juu ya ngozi au kinachopapasika chini yake, kiwe ni usaha, maji, damu, mafuta au seli zilizoongezeka. Saratani ni sehemu tu ya kundi hilo: ni pale seli za mwili zinapoacha utaratibu wa kawaida wa kuzaliana, zikapenya nyama iliyo jirani, na wakati mwingine zikasafiri kwa njia ya damu au limfu na kuota mahali pengine. Uvimbe unaokua bila kupenya wala kusafiri si saratani, hata ukifikia ukubwa wa kutisha. Uchunguzi wa awali, ambao ndio hasa tunaouzungumzia hapa, ni kazi ya kutafuta vinundu mapema na kuvipanga: kipi kinaweza kusubiri, kipi kipelekwe kwa daktari wiki hii. Kukipa kinundu jina lake ni kazi nyingine, na kazi hiyo hufanywa na hadubini.

Habari njema ni kwamba vinundu vingi si saratani, na kwa mazingira yetu vipo ambavyo vitabu vya Ulaya havivitaji sana. Nzi wa maembe, yule anayetulazimisha kupiga pasi hata soksi zilizoanikwa nje, hutaga mayai kwenye mchanga na vitambaa vyenye unyevu, na mbwa anayelala chini humpa buu nafasi ya kupenya ngozi ya tumbo, korodani au miguu. Baada ya siku chache hutokea kitu kinachofanana kabisa na jipu. Ukikitazama kwa karibu, kwenye mwanga mzuri, utaona tundu dogo katikati, na ndani ya tundu hilo vidoti viwili vyeusi vinavyojitokeza na kurudi ndani. Vidoti hivyo ni matundu ya kupumulia ya buu, ambalo limelala kichwa chini mkia juu. Tundu likizibwa kwa mafuta mazito ya mgando, buu hukosa hewa, hujitokeza, na huweza kukamuliwa taratibu. Nimewahi kuona mbwa aliyekwisha kukatiwa tamaa na wenyewe kwa ajili ya mabuu matano.

Vipo na vingine. Kupe aliyeng'olewa vibaya huacha kinundu kigumu kinachoweza kukaa kwa wiki kadhaa. Jino la mbwa mwenzake huacha jipu lenye joto na maumivu. Mbwa wachanga hupata chunjua za virusi kwenye midomo, na hizo kwa kawaida huisha zenyewe. Mbwa walio chini ya umri wa miaka mitatu hupata pia kinundu chekundu cha mviringo, kisicho na manyoya, hasa kichwani, masikioni au miguuni, kiitwacho histiositoma, ambacho mara nyingi huyeyuka chenyewe ndani ya miezi miwili au mitatu. Mbwa wazee na wanene nao huota uvimbe wa mafuta, laini, unaoteleza chini ya ngozi ukiusukuma kwa kidole.

Maelezo hayo yangetosha kama saratani ingekuwa na sura yake peke yake, lakini haina. Uvimbe wa seli za masti ndio mfano mbaya kuliko yote. Seli hizi ni sehemu ya kinga ya mwili, na zimejaa chembechembe za histamini, ile kemikali inayofanya mahali palipoumwa na mdudu pawashe na kuvimba. Zikigeuka kuwa saratani, huzaa uvimbe ambao leo ni mwekundu na umenyonyoka manyoya, kwa mbwa mwingine ni laini na unateleza chini ya ngozi kama mafuta, na kwa mwingine ni kipele ambacho mwenyewe ataapa ni mbu. Unaweza kuvimba asubuhi na kunywea jioni, kwa sababu histamini hutoka na kukauka, na kunywea huko humfanya mwenye mbwa aamini kuwa unapona. Katika takwimu za Marekani na Ulaya uvimbe huu unachukua kati ya asilimia 16 na 21 ya uvimbe wote wa ngozi ya mbwa. Mbwa wa aina ya Boxer hupatwa zaidi, lakini mbwa wetu wa kienyeji hawana kinga maalumu dhidi yake. Ukiwa mkubwa, histamini yake husafiri hadi tumboni na kusababisha vidonda, kiasi kwamba mbwa hutapika au hutoa kinyesi cheusi, na watu huanza kutafuta sumu getini badala ya kutazama paja lake.

Saratani ya pili inayotuhusu sana ni ile inayoambukizwa kwa kujamiiana. Hii ni ajabu ya kibiolojia. Kwa kawaida saratani ya mbwa mmoja huanza na kuisha na mbwa huyo huyo; hii inahama, na kinachohama si virusi wala bakteria bali seli zenyewe za saratani, zinazopandikizwa kutoka mwili mmoja hadi mwingine wakati mbwa wanapopandana, kulambana au kunusana. Uchambuzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba seli zote hizo, katika mabara yote, zinatokana na mbwa mmoja aliyeishi Asia kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita. Pale ambapo mbwa hufunguliwa usiku wakazurura mpaka alfajiri, seli hizo hupata njia. Dalili ya kwanza huwa ni matone ya damu, ambayo kwa jike hudhaniwa kuwa ni joto lake la kawaida, yaani kipindi cha kutaka dume, na kwa dume hudhaniwa kuwa ni ugonjwa wa mkojo. Ukivuta nyuma ngozi ya uume, au ukitazama ndani ya uke, utakuta nyama nyekundu yenye mikunjo inayovuja damu kwa kuguswa kidogo. Kwa sababu mbwa hunusa na kulamba, nyama hiyo huonekana pia puani, midomoni na hata kwenye ngozi ya kawaida, na hapo ndipo huchanganywa na mambo mengine.

Licha ya sura yake, hii ni miongoni mwa saratani zinazotibika vizuri kuliko zote: dawa ya vinkristini, inayotolewa kwa mshipa mara moja kwa wiki, kwa kawaida kwa wiki nne hadi sita, huponya zaidi ya mbwa tisa kati ya kumi. Dawa hiyo ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, kwa hiyo si ya kununuliwa na kuchomwa nyumbani. Na kwa wanaouliza kama binadamu anaweza kuambukizwa: hapana, wala kwa kung'atwa, wala kwa kumwosha. Seli hizo zinaishi kwa mbwa na jamaa zake wa karibu tu.

Jike mwenye umri mkubwa ambaye hajafungwa kizazi aangaliwe chuchu moja moja, kwa kuwa karibu nusu ya uvimbe wa matiti ya mbwa huwa ni saratani. Utafiti mashuhuri wa Marekani wa mwaka 1969 ulikadiria kwamba jike aliyefungwa kizazi kabla ya joto la kwanza hubaki na asilimia 0.5 tu ya hatari ya kupata uvimbe huo ukimlinganisha na ambaye hakufungwa, na kwamba baada ya joto la pili hatari hupanda hadi asilimia 26. Wataalamu wa baadaye wamehoji ubora wa ushahidi huo, ingawa ushauri wa kufunga kizazi mapema bado unatolewa na wengi. Madume wazee wasiohasiwa huota vinundu kuzunguka njia ya haja kubwa, ambavyo vingi si saratani na hunywea baada ya kuhasi. Na mbwa weupe wenye tumbo la waridi lisilo na manyoya, wanaopenda kulala chali juani, wanastahili kutazamwa kwa makini zaidi katika nchi ambayo ikweta inakatiza barabara ya Masaka pale Kayabwe, kwa kuwa jua husababisha saratani ya ngozi kwao kama linavyofanya kwa binadamu wenye ulemavu wa ngozi.

Sasa, ikiwa sura haitoshi, ni nini kinachotosha? Siku hizi kuna vifaa vinavyoupasha uvimbe joto kidogo na kufuatilia jinsi unavyorudi kwenye joto lake la awali, kisha kompyuta hutoa alama ya hatari, na zipo programu za simu zinazodai kusoma picha. Vifaa vya joto vinaweza kumsaidia daktari kuamua haraka. Havitoi jina la ugonjwa. Kwangu mimi, kwa mfugaji wa Ntinda au Mbale, kifaa kilicho muhimu ni kile ambacho kila kliniki inacho tayari, yaani sindano ya kawaida na bomba lake.

Mnunuzi wa mahindi pale Kisenyi hafungui kila gunia. Huchomeka bambo ubavuni, hulichomoa likiwa na punje kiganjani, na punje hizo humwambia kama ndani kuna mahindi makavu, yaliyooza au mchanga. Daktari hufanya vivyo hivyo. Hushika uvimbe kati ya kidole gumba na cha shahada, hupangusa kwa spiriti, huingiza sindano nyembamba na kuisogeza mbele na nyuma mara chache ndani ya uvimbe, kisha huchomoa. Mbwa wengi hawahitaji hata ganzi. Huumia kiasi kile kile wanachoumia wakichanjwa kichaa cha mbwa. Kilichobaki ndani ya tundu la sindano hupulizwa juu ya kipande cha kioo, hutandazwa, huachwa kikauke kwa hewa, na hutumbukizwa kwenye rangi. Wakati mwingine jibu huanza kuonekana kabla ya hadubini: kilichotoka kinang'aa kama mafuta ya kupikia na kinakataa kukauka, basi huenda ni uvimbe wa mafuta. Chini ya hadubini usaha huonyesha seli za kinga zilizorundikana, na uvimbe wa masti huonyesha seli za mviringo zilizojaa chembe za zambarau, nyingi kiasi cha kuficha kiini cha seli.

Bambo lina mipaka yake, na sindano pia. Inaweza kukosa sehemu mbovu na kuchukua sehemu nzima. Inaweza kutoa damu tupu, na daktari mwaminifu atasema sampuli haikutosha na ataomba kurudia. Jibu hilo si sawa na kusema "hakuna saratani". Na kuna saratani za nyama ngumu ambazo seli zake hazitoki kirahisi, kwa hiyo huhitaji kipande cha nyama.

Vipi kuhusu saratani "kuamka"? Hofu hii haikutoka hewani, kwa hiyo haifai kuchekwa. Uvimbe wa masti ukichomwa, au hata ukibinywa tu, humwaga histamini yake na unaweza kuvimba na kuwa mwekundu ndani ya dakika chache; mwenye mbwa anaona kwa macho yake uvimbe umekua baada ya kuguswa. Daktari anayeushuku huweza kutanguliza dawa ya kuzuia mzio. Jambo la pili ni kwamba mbwa wengi hupelekwa kliniki wakati uvimbe tayari unakua kwa kasi, kwa hiyo ungeendelea kukua wiki ile hata kama asingechomwa, na lawama huangukia sindano. Kwa uvimbe wa ngozi, kusambaa kwa sababu ya sindano nyembamba ni nadra mno. Hatari hiyo huzingatiwa zaidi kwa baadhi ya saratani za ndani, kama ya kibofu cha mkojo, na madaktari huichukulia tahadhari huko.

Hatari iliyo kubwa iko kwenye kusubiri, na hesabu yake ni rahisi. Ili kuondoa uvimbe wa masti ipasavyo, daktari wa upasuaji hulenga kukata pamoja na sentimita 2 hadi 3 za ngozi nzima kila upande, na kushuka mpaka tabaka la chini. Chukua sentimita 2. Uvimbe wa sentimita 1 huacha jeraha la sentimita 5, ambalo hata mguuni linaweza kupata namna ya kushonwa. Ukisubiri mpaka uwe sentimita 4, jeraha ni sentimita 8, na mguu wa mbele wa mbwa hauna ngozi ya ziada ya kuliziba. Ndiyo sababu kanuni inayofuatwa na madaktari wengi ni fupi: uvimbe uliofika sentimita 1, au uliokaa mwezi mmoja, uchomwe sindano. Usisubiri mwezi huo kama unakua haraka, unavuja damu, unabadilika ukubwa, au uko kwenye chuchu, kidole cha mguu au ndani ya mdomo.

Kuutafuta ni kazi ya mikono, na nafasi nzuri ni siku ile ya kumwosha mbwa kwa dawa ya kupe. Anza kwenye midomo na fizi, nenda masikioni, shingoni, mbele ya mabega, kwapani, mbavuni, kwenye chuchu zote, kinenani, chini ya mkia, kisha kati ya vidole. Mbwa wa ulinzi anayefungiwa kibandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku ndiye anayekosa mikono, na ndiye anayeletwa akiwa na uvimbe uliokwisha kupasuka. Askari anayemlisha angeelekezwa, angeuona mapema kuliko tajiri wake. Katika nyumba nyingi za Kiislamu, tuseme Bombo au Arua, mbwa ni wa ulinzi tu na watu hujihadhari na mate yake. Glavu nyembamba hazizuii vidole kuhisi. Ukikuta kitu, kipime kwa rula, andika tarehe na mahali, piga picha ukiwa umeweka sarafu ya shilingi 500 pembeni. Na usiogope viungo halali: dume naye ana chuchu, na wapo waliozing'ang'ania kwa koleo wakidhani ni kupe. Ncha ya mfupa wa kidari hupapasika kama kinundu. Dume aliyesisimka huvimba pande mbili chini ya uume, kisha hupungua.

Jambo ambalo hutuponza kuliko uzi na mitishamba ni duka la dawa za mifugo. Mtu huingia, hueleza uvimbe, na hutoka na antibiotiki pamoja na deksamethasoni. Antibiotiki haitagusa saratani. Deksamethasoni, na steroidi nyingine kama prednisoloni, hufanya jambo baya zaidi: hufanya uvimbe wa masti na mitoki ya limfoma, yaani saratani ya seli za kinga, vinywee kwa muda, mwenye mbwa hushangilia, na siku daktari anapochukua sampuli seli zimepungua na picha imevurugika. Kama mbwa amekwisha kuchomwa dawa hiyo, daktari aambiwe waziwazi, hata kama inaleta aibu.

Kosa jingine ni kukata na kutupa. Uvimbe uliokatwa ukatupwa jalalani huondoka na siri yake, na ukirudi hakuna anayejua ulikuwa nini. Kwa walio Kampala, wanapatholojia wa wanyama, yaani wataalamu wanaosoma sampuli hizo kwa hadubini, wanapatikana Chuo Kikuu cha Makerere, kwenye chuo kinachofundisha tiba ya mifugo. Kwa walio Kabale au Koboko, sampuli husafiri kwa basi, na hapo mambo madogo huharibu kazi kubwa. Nyama huwekwa kwenye fomalini, dawa ya kuizuia isioze, ya asilimia 10, yenye ujazo mara kumi ya nyama yenyewe, katika chupa yenye mdomo mpana, kwa sababu nyama iliyoingia laini kwenye chupa ya soda haitatoka ikishakakamaa. Vioo vya sindano hukaushwa na kufungwa kwenye kifurushi tofauti kabisa, kwa kuwa mvuke wa fomalini huviharibu vikikaa mfuko mmoja.

Ripoti ikirudi, omba daktari akusomee mambo matatu: jina la uvimbe, daraja lake (yaani ukali wake), na hali ya kingo. Kwa uvimbe wa masti daraja huweza kuandikwa kwa mfumo wa mwaka 1984 wenye ngazi tatu, au ule wa mwaka 2011 wenye ngazi mbili, ya chini na ya juu, na ripoti nyingi huandika yote mawili. Kingo safi maana yake ni kwamba pembezoni mwa kipande kilichokatwa hapakuonekana seli za saratani. Kingo zikiwa na seli, mjadala wa kukata tena ufanyike mapema, wakati mahali pa kovu bado panajulikana vizuri. Na mbwa aliyewahi kuota uvimbe mmoja wa masti anaweza kuota mwingine mpya mahali tofauti kabisa, kwa hiyo kinundu cha pili hakihukumiwi kwa ripoti ya kile cha kwanza; nacho huchomwa sindano yake.